Baridi ya milimani: namna ya kuvaa nguo tatu bila kufanana na balo

Saa kumi na mbili kasoro ya asubuhi, kwenye barabara inayopanda kutoka Butembo kwenda Lubero, ukungu ungali umelala mabondeni. Wamama wanaoshusha viazi na kabichi sokoni wamejifunika kila kitu walichokikuta nyumbani: triko mbili, jaketi la mume juu yake, kikwembe mabegani, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Mkono haukunji tena. Kutoa noti ya franga mfukoni inakuwa kazi ya dakika nzima. Kiisha saa nne jua linatokea, ukungu unapotea, na mama yule yule anaanza kutoka jasho. Anataka kuvua. Lakini ndani ya jaketi kuko triko iliyotoboka kwenye kiwiko, na ndani ya triko kuko tisheti ya kampeni ya uchaguzi iliyochanika shingo. Basi anabaki na yote mwilini, analowa jasho hadi saa nane, na jioni baridi inaporudi inamkuta na nguo mbichi mgongoni.

Shida yenyewe iko hapo. Wakaaji wengi wa milimani wanafikiri ni lazima kuchagua: ama kupata joto na kufanana na balo la nguo, ama kupendeza na kutetemeka. Ndiyo maana kijana anaenda kwenye ndoa ya rafiki saa mbili za usiku na shemizi moja tu, mikono imekunjwa kifuani, juu ya kuogopa kuharibu vesti yake. Kumbe mambo haya mawili hayapigani. Nguo zinazopasha vizuri ndizo zile zile zisizonenepesha, zikipangwa sawasawa: nyembamba juu ya nyembamba, na kila moja iwe ya kuweza kuonekana mbele ya watu.

Ikweta yenye baridi

Mgeni anayetazama ramani hawezi kuelewa kwa nini watu wa Lubero wanauza kabuti. Mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero-centre, sehemu ambayo kila mtu mbali na hapa anaiwazia joto tupu. Sababu ni urefu. Kwa wastani, kila ukipanda metre 1000 hewa inapoa kwa digri 6 hivi. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye metre 1460 hivi juu ya bahari, na ndiyo maana Goma na Bukavu zina usiku wa blanketi. Mtu anayetoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika lililo kwenye metre 770 hivi, akipanda metre 2000 kuelekea nyanda za juu za Itombwe anaacha digri kumi na mbili njiani. Na mkaaji wa Beni, siku mbingu ikiwa safi, anaona mlima Ruwenzori ambao kilele chake Margherita kinafika metre 5109: barafu juu, na chini yake mashamba ya kakao.

Kuko jambo lingine ambalo watu wa hapa wanalijua kwa mwili kuliko kwa maneno. Ulaya ni majira ndiyo yanabadilika: mtu anavaa kabuti mwezi wa kumi na mbili na analitundika mwezi wa nne. Huku ni siku yenyewe ndiyo inabadilika. Kule Lubero, Masisi ao Minembwe, majira ya baridi yanakuja kila usiku na majira ya joto yanakuja kila saa sita ya mchana. Wakati wa kiangazi, Juni na Julai, tofauti inakuwa kali zaidi, juu ya usiku mbingu iko wazi na hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipande na kupotea. Kwa hiyo kabuti moja zito la kununuliwa kwa bei kubwa halina faida sana. Ni zuri saa kumi na mbili, ni mateso saa tano. Mtu anahitaji nguo za kuvua moja moja.

Joto linatoka mwilini

Triko haina moto ndani yake. Joto ni la mwili, nguo inalizuia tu lisikimbie. Na kinachozuia hasa si uzi, ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Hewa isiyotikisika inapitisha joto pole pole sana. Kuku anajua hiyo: asubuhi yenye baridi anavimbisha manyoya hadi anaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Hajaongeza hata unyoya mmoja. Ameongeza hewa.

Kwa hiyo nguo mbili nyembamba zinapasha vizuri kuliko mtu anavyodhani, juu ya kuko hewa ndani ya kila kitambaa na kuko hewa nyingine kati ya kitambaa na kitambaa. Na ndiyo maana kubana kunaharibu kazi yote. Anayesukuma triko mbili nzito ndani ya jaketi lililo dogo amekamua hewa yote nje. Anaonekana mnene na bado anasikia baridi. Vilevile kwa miguu: shoseti mbili ndani ya kiatu kinachobana zinafanya vidole vipoe zaidi kuliko shoseti moja yenye nafasi.

Adui mwingine ni maji. Maji yanapitisha joto mara zaidi ya 20 kuliko hewa iliyotulia. Tisheti ya pamba iliyolowa jasho inashikamana na ngozi na kunyonya joto muda wote inapokauka. Sufu inavumilia zaidi, hata ikilowa kidogo bado inashika joto. Nguo za poliesta, sawa jezi za mpira, hazinywi maji mengi na zinakauka mbio. Basi kwa mtu anayebeba mizigo ao anayelima mlimani, jezi nyembamba ya mpira ndani ni bora kuliko singleti ya pamba. Kwa mwalimu ao mfanyakazi wa ofisi anayekaa bila kutoka jasho, pamba haina shida yoyote.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1924 Mwingereza George Mallory alipotea karibu na kilele cha Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, na mwili wake ulipatikana mwaka 1999. Watu walipotazama mabaki ya nguo zake walizoea kusema alikufa juu ya kuvaa vibaya. Kiisha wataalamu wakashona upya nguo kama zile, hariri, pamba na sufu nyembamba moja juu ya nyingine, na juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, wakazijaribu mlimani mwaka 2006. Wakakuta ni nyepesi, zinapasha, na zinamwacha mtu anyanyue mikono bila taabu. Bila shaka hakuna mtu wa Kirumba anayepanda Everest. Lakini kama vitambaa vyembamba vilifaa kule, vitafaa kwa safari ya soko.

Tatu, na kila moja na kazi yake

Ile ya ndani inakaa karibu na ngozi: singleti, tisheti ya mikono mirefu, jezi. Iwe nyembamba, iwe safi, isiwe na mikunjo. Ya katikati ndiyo inashika hewa: triko ya sufu, kitambaa cha polari kile laini chenye manyoya mafupi, ao jile isiyo na mikono. Ya nje inazuia upepo na manyunyu, na hii haihitaji kuwa nene hata kidogo. Watu wengi wanakosea hapo. Wanatafuta unene kwa nje, wakati kazi ya nje ni kufunga mlango tu. Koti jepesi la kitambaa kilichosokotwa kwa kubana, juu ya triko moja nzuri, linashinda triko tatu zinazopitisha upepo.

Wamotari wanaelewa jambo la upepo kuliko mtu yeyote. Pikipiki ikishuka mlima inapuliza hewa baridi kifuani bila kupumzika, na upepo huo unafagia ile hewa ya joto iliyokuwa ndani ya nguo. Ndiyo maana motari anavaa jaketi kwa kuligeuza, mgongo mbele, ili tireti isimwachie upepo upite. Watu wanacheka, lakini ni akili. Kuko njia nyingine ambayo hata wapanda baiskeli wa Ulaya wameitumia kwa miaka mingi wakishuka milima: karatasi za gazeti zilizokunjwa kati ya nguo ya katikati na ya nje, kifuani tu. Haionekani, haiongezi unene, na ukifika unaitoa mbele ya kushuka kwenye pikipiki.

Jile inastahili kusifiwa zaidi kuliko inavyosifiwa. Joto likibaki kifuani na mgongoni, damu inayofika kwenye vidole nayo haipoi sana. Na unene unaoudhi hauko kifuani, uko kwenye mikono na makwapani, pale ambapo vitambaa vinne vinakutana na kukunjamana. Jile inaleta joto bila kuongeza kitu kwenye mkono. Mwalimu anayevaa shemizi, jile ya sufu na vesti anaandika ubaoni bila kuvutwa begani. Saa tano akivua vesti bado amevaa kizuri.

Wapi unene unatokea

Mafundi wa nguo wanajua ni sehemu tatu zinazomfanya mtu afanane na gunia: begani, makwapani na kiunoni. Begani, mshono wa nguo ya nje unatakiwa kuanguka pale pale ambapo mfupa wa bega unaishia. Ukishuka kwenye mkono, mtu anaonekana ameazima. Makwapani, nguo za ndani zisiwe na mikono mipana. Mkono mpana ndani ya mkono mwembamba unajikusanya kama shoseti iliyoshuka. Kiunoni, singleti inaingia ndani ya patalo, triko inabaki nje, na koti linapita triko kwa urefu. Triko ikichungulia chini ya jaketi, hata nguo za bei zinaonekana kama zimevaliwa gizani.

Mtu akiongeza unene juu, apunguze chini. Koti pana na patalo iliyonyooka vinapatana. Koti pana na patalo pana vinamla mtu mfupi mzima mzima. Tena mifuko: simu mbili, funguo, noti zilizokunjwa na chaja kwenye mifuko ya jaketi vinanenepesha kuliko triko. Mfuko mdogo wa begani unamaliza habari hiyo.

Kwa rangi, wasapa wa Kinshasa na Brazzaville wana sheria ambayo haiharibu kitu mtu akiazima: rangi zisipite tatu mwilini. Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016 kule Abidjan, aliupeleka usapa mbali duniani, na wasapa wanavaa vesti na kabuti hata kwenye joto la kutisha. Kuna uchungu kidogo katika hiyo. Wenzetu wa joto wanateseka kwa kuvaa makoti ambayo sisi wa baridi tunavaa bila kuyapanga. Anayevaa nguo tatu za rangi zinazokaribiana, sema kijivu, buluu ya giza na nyeusi, jicho linaziona kama umbo moja. Anayevaa nyekundu juu ya manjano juu ya kijani, jicho linahesabu kila kitambaa na mtu anaonekana mpana.

Kwa wamama wanaovaa kikwembe na libaya, kazi ni ngumu kidogo, na mara nyingi washauri wa mitindo wanawasahau. Libaya inashonwa kwa kufuata mwili, haina nafasi ya triko ndani. Dawa ni kwa fundi, siku ya kupimwa. Nenda umevaa ile nguo nyembamba ya mikono mirefu utakayoivaa ndani, na umwambie apime juu yake. Sentimetre moja ao mbili anazoacha hazionekani, lakini zinakupa nafasi ya joto. Chini ya kikwembe, kola nyembamba inayofika kwenye kifundo cha mguu inapasha bila kubadilisha umbo la nyonga. Na kikwembe cha pili, badala ya kufungwa kiunoni juu ya kile cha kwanza, kinakunjwa mara mbili na kukaa mabegani. Hapo kinafanya kazi ya koti na kinatoka mara moja jua likitokea.

Shingo nayo isisahauliwe. Fulari moja nyepesi inafunga tundu ambalo hewa ya joto inatorokea, na ni nguo ndogo kuliko zote. Ila ile habari inayozunguka ya kwamba nusu ya joto la mwili inapotelea kichwani si ya kweli. Kichwa kinapoteza joto kadiri ya ukubwa wake tu. Kofia ni nzuri, lakini haitamwokoa mtu aliyeacha kifua wazi.

Kuchagua kwenye balo

Nguo nyingi za baridi zinazouzwa Kadutu, Birere ao soko la Butembo zinatoka kwenye nchi za theluji. Zilishonwa kwa mtu anayesubiri basi kwenye baridi ya chini ya sifuri. Lile jaketi kubwa lililojaa kama mto, lenye kung'aa, linalowavuta vijana, ni la baridi hiyo. Kwa digri 10 ao 12 za asubuhi ya Lubero ni kupoteza franga. Kwa bei ya jaketi moja la namna hiyo, anayejua kubishana anaweza kutoka na triko nyembamba, jile na koti jepesi.

Balo linapofunguliwa, kila mtu anakimbilia kinachoonekana. Tazama kwanza karatasi ndogo ndani ya shingo: laine ao wool ni sufu, coton ni pamba, acrylique ni uzi wa kiwandani unaofanana na sufu lakini unaochakaa mbio. Kama karatasi imekatwa, finya kitambaa kwenye ngumi na kukiachia. Kikirudi na kujaa, kingali na uwezo wa kushika hewa. Kikibaki kimelala, kimekufa. Kwa koti la nje, weka mdomo juu ya kitambaa na pulizia. Pumzi ikipita upande wa pili, upepo wa mlimani utapita pia. Nyanyua nguo kwenye jua uone viwiko. Vuta tireti juu na chini mara tatu mbele ya kulipa. Na jaribu nguo ya nje ukiwa umevaa nyingine ndani, hapana juu ya tisheti peke yake, juu ya hutaivaa hivyo.

Pale ambapo si mtindo tena

Kwa wale waliokimbia vita, mambo haya yana uzito mwingine. Mama anayeondoka na watoto usiku mara nyingi anawavalisha nguo zao zote, moja juu ya nyingine, juu ya mikono haina nafasi ya mzigo. Mtoto anafika amevaa kabati nzima. Njiani anatoka jasho kwa kutembea, na akisimama kupumzika jasho hilo linapoa. Mtoto akitembea afunguliwe kifua, akisimama afungwe. Na nguo moja kavu, hata iwe moja tu, ikae ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya usiku. Kulala na nguo ya jasho la mchana kunaleta baridi kuliko kulala bila triko.

Usiku, chini kunanyang'anya joto kuliko juu. Uzito wa mwili unakamua hewa ya blanketi lililolaliwa, hivyo nusu ya blanketi haina kazi. Katoni bapa ao majani makavu chini ya mkeka yanasaidia kuliko kuongeza kitenge kingine juu.

Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni tayari ana joto la mama yake. Akiongezewa kofia, triko mbili na blanketi nzito, anaweza kupata joto la kupita kiasi bila kulia. Vidole vya mkono vinadanganya, mara nyingi ni vya baridi hata mtoto akiwa salama. Gusa nyuma ya shingo: ikiwa na jasho, punguza nguo moja, ikiwa baridi, ongeza moja. Na mbabula isiingizwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa cha kulalia. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala bila kuamka.

Kufua na kukausha

Sufu inafuliwa kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, inakamuliwa kwa kufinywa bila kusokotwa, na inakaushwa ikiwa imelazwa. Ukiitundika kwenye kamba inarefuka na mabega yanaota pembe. Polari haitaki moto karibu: cheche moja ya mbabula inayeyusha kitambaa na kuacha tundu gumu. Kabuti nene, kwenye majuma ya ukungu, linaweza kukaa kwenye kamba siku mbili ao tatu na bado linanuka unyevu kwenye mishono. Triko nyembamba na jile zilizofuliwa asubuhi, kama jua limetokea saa nne kama kawaida, zinavaliwa jioni ile ile.